Waya Mahali pa Fyuzi

Moshi ulianza kutoka kwenye matundu ya dashibodi, mweupe kwanza kisha wa kijivu, na Mwelu hakungoja kuuliza unatoka wapi. Alilitoa gari barabarani, magurudumu mawili yakapanda nyasi, akazima injini na kupaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Tokeni! Wacheni mabegi! Mumo, fungua mlango! Tokeni wote!"

Watoto saba wa sweta za kijani wakamwagika nje kupitia mlango wa kuteleza, mmoja akiwa bado na mandazi mdomoni. Mumo, binti yake Mwelu mwenyewe, aliwashika wadogo mikono akawasogeza mbali na gari. Celine, aliyekuwa ameketi mbele kando ya dereva, alichelewa. Alikuwa anahangaika na mkanda huku analia, na Mwelu alipozunguka kumtoa aliona sababu. Tone la plastiki iliyoyeyuka lilikuwa limemdondokea mguuni kutoka chini ya dashibodi, na soksi ilikuwa imegandia hapo hapo.

Mwelu alimbeba hadi kwenye nyasi, akammwagia maji ya chupa tatu, akaichana soksi kwa meno. Jeraha lilikuwa dogo, punje ya mahindi ingelifunika. Lakini mtoto alikuwa wa watu, majirani waliomlipa Mwelu awafikishie watoto wao shuleni kila asubuhi.

Ilikuwa Alhamisi ya Julai, na baridi ya Julai ya Nairobi inajulikana. Ukifunga madirisha na watoto saba wakipumua ndani, kioo cha mbele kinageuka maziwa. Bila feni ya kupuliza hewa kwenye kioo unaendesha kwa kukisia, kitambaa mkono mmoja, usukani mkono mwingine. Ndiyo maana wiki mbili zilizopita, feni hiyo ilipokufa, Mwelu hakutaka kusubiri hata siku moja. Mume wake Kyule akasema wampelekee Ngui, fundi wa umeme wa magari pale Kariobangi, kwa sababu Ngui ni mtu wa nyumbani. Ngui aliinama chini ya usukani dakika kumi, akainuka, akapangusa mikono.

"Ilikuwa fyuzi tu," alisema. "Sasa haitaungua tena hata siku moja."

Feni ilizunguka, kioo kikatakata, na Mwelu akamshukuru.

*

Jioni ile wazazi walikuja kwake wenyewe, bila kuitwa. Hawakukaa. Nyumba ni ya chumba kimoja na sebule, na wote wanne walisimama kati ya kochi na meza, mikono wameikunja. Adoyo, mama yake Celine, anayefanya kazi ya kufagia na kutengeneza chai katika ofisi moja mjini, alikuwa amembeba mtoto mgongoni ingawa mtoto mwenyewe ana miaka minane.

"Mama Mumo," Adoyo alisema, "asubuhi nilikupatia mtoto na soksi mbili. Umenirudishia na soksi moja."

"Mama Celine, nisamehe."

"Nimekusamehe. Sijakuja kwa hiyo. Hiyo gari ina nini?"

"Sijui."

"Hujui." Adoyo aliwatazama wenzake. "Anabeba watoto wetu na hajui."

"Nipe mpaka Jumatatu," Mwelu alisema. "Jumatatu itakuwa imetengenezwa."

"Hapana. Kutengenezwa nilishasikia. Wiki mbili zilizopita si uliniambia imetengenezwa?" Sauti ya Adoyo haikupanda, na hilo ndilo lililomuuma Mwelu zaidi. "Mimi Jumatatu nataka kuambiwa ilikuwa nini. Nikiambiwa nikaelewa, Celine atapanda. Usiponiambia, hata kama inang'aa kama gari ya harusi, mtoto wangu atatembea."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Walitoka mmoja mmoja, na wa mwisho aliufunga mlango taratibu, jinsi watu wanavyofunga mlango wa nyumba yenye matanga.

Kyule alikuwa chumbani muda wote huo. Alitoka akasema, "Nimempigia Ngui. Atakuja kesho akitoka kazini."

*

Ngui alikuja Ijumaa, saa kumi na moja jioni, amevaa suti yake ya mikutano ya Ijumaa. Mbali na ufundi, yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wa nyumbani. Chama hicho ndicho kinachotafuta gari la kubeba maiti, sanduku, mafuta ya safari na watu wa kuchimba kaburi kwao Mwingi, mtu wao akifia Nairobi. Kyule ni karani wa godauni na analipa mchango wake kila mwezi bila kukosa. Babake Kyule amelazwa hospitali tangu Mei.

Ngui alifungua mlango wa gari, akanusa, akaufunga.

"Bloa imekufa, hiyo feni ya kioo," alisema, akimwambia Kyule. "Lete gereji kesho nikuwekee ingine."

"Kwa nini ilishika moto?" Mwelu aliuliza.

"Haikushika moto. Ilitoa moshi."

"Kwa nini ilitoa moshi?"

Ngui alitabasamu. "Mwaitu, mama yangu, wewe ukiendesha unaweka feni namba ngapi?"

"Nne. Kioo kikiwa na ukungu naweka nne."

"Unaona?" Akamgeukia Kyule. "Namba nne kutoka hapa mpaka shule. Hata mtu angechoka. Hawa akina mama wakiona kitufe wanazungusha mpaka mwisho."

Vijana wawili waliokuwa wanaosha pikipiki pembeni walicheka. Kyule naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kubaki nje. Mwelu alimwangalia mume wake mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Namba nne iliwekwa na waliounda gari," alisema. "Sikuichora mimi. Fundi, hii gari hutaigusa tena."

"Mama Mumo!" Kyule alisema.

"Hataigusa."

"Sawa." Ngui alinyoosha koti lake. "Itengeneze na mwiko, basi. Ukimaliza, utuitie ugali."

Alipoondoka, Kyule alishusha sauti kwa sababu ploti nzima, ghorofa nne za wapangaji, ilikuwa na masikio. "Unajua ni nani umemfukuza? Baba akituacha kesho, nani atatafuta gari ya kumfikisha Mwingi? Wewe?"

"Na Celine angetuacha jana," Mwelu alisema, "chama kingempeleka kwao?"

Kyule alishika ndoo akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

*

Jumamosi asubuhi Mwelu aliingia kwenye duka la spea la Winny, nyuma ya soko. Duka lenyewe ni kontena, limejaa taa, vioo na vipande vya magari yaliyokatwa. Winny ni msichana wa miaka ishirini na tano hivi, kucha nyekundu, ovaroli ya bluu, simu kwenye kifua.

"Niaje mathe. Mama unatafuta nini?"

"Bloa. Ya gari ya viti saba. Na mimi ndiye nitaifunga, kwa hivyo uniuzie na maneno yake."

Winny alimtazama, akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kizuri. "Unaijua iko wapi?"

"Sijui."

"Ukitoa ile droo ya mbele ya abiria, utaiona imekaa juu, mviringo hivi kama sufuria imefunikwa. Screw tatu. Plagi moja. Mchezo. Lakini kwanza betri: toa waya ya hasi. Usiniletee kesi."

Alitoa feni kwenye rafu, ya mtumba kutoka Japani, akaishika mkononi bila kumpa. "Nikikwambia ni nzima utanilipa?"

"Si ndiyo biashara?"

"Ukifanya hivyo utalia kila siku. Usilipe chochote cha umeme kabla hujakiona kinazunguka." Akavuta betri kutoka chini ya meza, akagusisha nyaya mbili. Feni ikaruka mkononi mwake, ikavuma bila kukwaruza. Akaitaka elfu tatu mia tano. Mwelu alilipa bila kubishana, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Ile ya zamani ilitoa moshi," Mwelu alisema. "Ilidondosha plastiki."

Winny aliacha kufunga mfuko. "Plastiki iliyeyuka? Na fyuzi haikukata?"

"Ilikuwa inakata. Fundi akaitengeneza, akasema haitaungua tena."

"Mathe." Winny aliketi juu ya tairi. "Kazi ya fyuzi ni kuungua. Bloa ikikwama inavuta moto mwingi wa umeme, fyuzi inakufa ndio waya zisiungue. Fyuzi ikikataa kuungua, kitu kingine ndicho kinaungua. Ukifika nyumbani fungua kile kifuniko chini ya usukani, karibu na goti lako. Uangalie mahali pa fyuzi ya feni pana nini." Alikata kwenye dashibodi kuukuu plagi yenye nyaya zake fupi, akaongeza fyuzi mpya na vibomba vidogo vya kubana nyaya kwa koleo. "Hizi nakupatia. Ile plagi yako itakuwa imeungua. Kata waya mpaka ufike penye ni safi, usibakishe nyeusi. Na ukimaliza, iwashe nusu saa ukiwa umeishika hiyo waya. Ikipata joto la kukuchoma, zima, rudi hapa."

*

Saa nane mchana Mwelu alitandika gunia kando ya gari, akapanga bisibisi, spana namba kumi na koleo alivyoazima. Andati, mlinzi wa ploti, alitoka mbio kwenye kibanda chake.

"Mama Mumo, wewe unajua sheria. Hapa si gereji. Landlord akiona mafuta chini nitaenda nyumbani mimi."

"Andati, hakuna mafuta. Ni feni."

"Sheria haijasema mafuta. Imesema kutengeneza."

"Juzi Baba Opicho alibadilisha tairi hapa hapa, ukamshikia jeki."

Andati alikuna shingo. "Yule ni… tairi ni kitu kingine."

"Yule ni mwanamume. Sema tu, hutaniua."

Andati alirudi kwenye kibanda chake, lakini aliweka kiti nje ili aone.

Hata wengine waliona. Watu walitoka kwenye balkoni za ghorofa zote nne kama kuna mechi. Mmoja alipaza sauti, "Mama Mumo, ukimaliza njoo nyumbani kwangu, friji imeniharibikia!" Mwingine akauliza kama anatengeneza pia ndege. Mwelu alitoa waya wa hasi kwenye betri. Akalala chali miguuni pa kiti cha abiria, magoti nje ya mlango, kanga imekazwa juu ya suruali ya Kyule. Droo ilitoka kwa shida, ikamwangukia usoni pamoja na risiti, peremende na kalamu za rangi za watoto. Juu yake akaiona kweli ile sufuria iliyofunikwa.

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikuwa imejificha nyuma, na bisibisi ikateleza ikamchubua vidole mara nne. Alitukana kwa Kikamba, kwa sauti ndogo. Mtu akaleta mwanga wa simu juu ya kichwa chake, na kwa viatu akajua ni Kyule.

"Shikilia hapo," Mwelu alisema.

"Hapa?"

"Hapo. Usitingishe."

Feni ilishuka mikononi mwake, na pamoja nayo kiota kizima: majani makavu, nyuzi za sweta ya kijani, karatasi za chapati, manyoya. Panya alikuwa amejenga humo. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikawa donge jeusi. Watu wa balkoni wakapaza sauti wote pamoja.

"Ni panya!"

"Si niliwaambia hii ploti ina panya!"

Kyule alipumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Ni panya," alisema. "Asante Mungu. Ni panya tu."

Mwelu alizunguka upande wa dereva, akapiga magoti, akafungua kile kifuniko karibu na usukani. Ndani yake palichorwa kila fyuzi mahali pake. Alifuata kwa kidole mpaka kwenye picha ya feni, na Kyule akaleta mwanga. Hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimekunjwa mara mbili, kimechomekwa kwenye matundu yote mawili.

Wote wawili walikitazama.

"Panya alikwamisha feni," Mwelu alisema polepole, akijieleza mwenyewe kwanza. "Feni ilipokwama, fyuzi ilikata. Ilikuwa inatwambia kuna shida. Na Ngui, badala ya kuitafuta, akaiziba mdomo."

"Itupe," Kyule alisema.

"Nini?"

"Hiyo waya. Weka fyuzi, tufunge. Panya wameonekana na ploti nzima, hakuna aliyedanganywa. Tutawaambia wazazi ni panya." Aliangalia juu kwenye balkoni, akashusha sauti. "Nakuomba. Baba hatamaliza mwezi. Daktari ameniambia jana."

Hilo Mwelu hakuwa amelijua. Alimshika mume wake mkono kwa vidole vyake vilivyochubuka. Kisha akauchomoa ule waya, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaendelea na kazi.

Alikata nyaya nyeusi mpaka akafikia shaba inayong'aa. Akabana plagi mpya kama Winny alivyomwelekeza, akavuta kila waya kwa nguvu kuona kama utachomoka. Akapandisha feni, skrubu tatu, fyuzi, betri. Alipozungusha kitufe, vumbi na manyoya vilimrukia usoni, kisha ikaja hewa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Aliketi nusu saa, mkono juu ya waya. Haukupata joto.

Andati ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, halafu akakumbuka sheria akaacha.

*

Jumapili baada ya kanisa Ngui alikuja na wazee wawili wa chama na kilo mbili za sukari. Walikaa. Walimwombea babake Kyule. Kisha Ngui akasema, "Tumesikia ilikuwa panya. Vizuri. Sasa hili tumelimaliza humu ndani, na mgonjwa wetu yuko mikononi mwa chama. Si ndiyo, mama?"

Mwelu alimimina chai. Alijaza vikombe vyote vitatu mpaka ukingoni, akarudisha birika jikoni. Walidhani amekubali. Kyule pekee ndiye aliyejua kwamba mke wake akikubali jambo husema.

*

Jumatatu saa kumi na mbili unusu Adoyo alisimama kando ya gari, Celine mkononi, soksi mbili. Watoto wengine na mama zao walikuwa nyuma yake.

"Nimekuja kuambiwa," alisema.

"Kulikuwa na panya kwenye feni," Mwelu alisema. Aliona jinsi nyuso zilivyolegea. Ingetosha. Angewasha gari, wangepanda, na kule Mwingi kaburi lingechimbwa bila matata. Kyule alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

Mwelu alifungua pindo la kanga. "Panya hakuweka hii," alisema, akautia waya kwenye kiganja cha Adoyo. Kisha akawaeleza yote, fyuzi ni nini, waya ulifanya nini, na nani aliuweka. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe hakuuliza siku ile, alishukuru akalipa, na hilo ni kosa lake.

Adoyo aliugeuza waya mara kadhaa. "Kumbe ni hii tu," alisema. "Na huyo fundi anashika magari mangapi kwa siku?"

Mwelu hakuwa amejiuliza hivyo.

"Celine, panda nyuma," Adoyo alisema. "Mbele nakaa mimi. Leo nitachelewa kazini."

Waliwafikisha watoto wote saba shuleni, kioo cheupe kwanza kisha safi, feni kwenye namba nne njia nzima, na Adoyo akiwa amevua kiatu kimoja ili mguu wake uwe karibu na dashibodi. Waliporudi, Mwelu hakukata kona ya kwenda nyumbani.

Gereji ya Ngui ilikuwa imejaa. Teksi, pikapu mbili, gari lingine la shule lenye viti vya watoto. Wateja wake wa siku zote walikuwa wamesimama na vikombe vya uji. Mwelu alishuka, akasimama katikati yao.

"Samahani, wazee wangu. Nina neno moja. Kila aliyetengenezewa umeme hapa, afungue kifuniko karibu na usukani aangalie kama ndani kuna fyuzi au kuna waya. Gari yangu ilikuwa na waya. Iliunguza mtoto wa huyu mama."

Ngui alitoka chini ya pikapu, mafuta mpaka kwenye kiwiko. "Huyu mwanamke ana wazimu. Tulimaliza haya maneno jana!"

"Mimi sikumaliza. Nilimimina chai."

Mtu alicheka. Ngui alimsogelea. "Mwambie Kyule atafute watu wengine wa kumzika baba yake. Umenisikia? Mwambie leo."

Adoyo alishuka kwenye gari, akasimama bega kwa bega na Mwelu, kiatu kimoja mkononi.

"Nitamwambia," Mwelu alisema. "Mzee tutamzika. Tutakopa, tutabeba hata kwa pikapu, lakini tutamzika. Wewe waambie hawa umeweka nini kwenye magari yao."

Ngui aliwageukia wateja wake akitafuta uso wa kucheka naye. Walikuwa wanatazama uji. Kisha mwenye teksi, mzee wa kofia ya sufi, aliweka kikombe chake juu ya boneti, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti. Dereva wa gari la shule alifungua la kwake. Halafu mwenye pikapu. Gereji nzima ikawa migongo ya wanaume waliopiga magoti, na mlio mdogo wa vifuniko vya plastiki vikibanduliwa.

"Ngui," mzee wa teksi aliita kutoka ndani, bila kugeuka. "Hebu njoo hapa."